Kutega sikio kwenye Sun isiyo na skrini: PC, kebo na konsoli ya siriali

Ukichomoa kibodi ya Sun Ultra 5, kompyuta ya kampuni ya Sun Microsystems, kisha ukaiwasha, hutaona kitu. Feni itazunguka, diski itakwaruza, taa ya mbele itawaka, na hata kama umeichomekea monita, kioo kitabaki cheusi. Asiyeijua mashine hii atasema imekufa. Kumbe muda huo huo inasema: inataja jina lake, aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, anwani ya kadi yake ya mtandao. Inayasemea kwenye tundu pana lililo nyuma, lenye vishimo 25, na hakuna aliyetega sikio pale.

Tundu hilo ni porti ya siriali, yaani inayopitisha biti moja moja kwa zamu, na hapo ndipo ilipo konsoli, mahali mashine inapozungumza na msimamizi wake. Kutega sikio pale ndiyo kazi ya makala haya. Unahitaji PC ya kawaida, kebo sahihi na programu ndogo ya bure. Vitu hivyo ni vichache, lakini watu hukesha navyo, kwa sababu kuna mambo manne au matano ambayo lazima yapatane kati ya mashine mbili, na likikosewa hata moja tu, mara nyingi jibu ni lile lile: kioo kitupu. Kimya hakikuambii kosa liko wapi. Njia niliyoiona inafaa ni kuthibitisha kila jambo peke yake kabla ya kusogea kwenye linalofuata, ukianzia upande ulio mikononi mwako, yaani PC.

Kwanza tuelewane kwa nini tundu hilo lipo. Unix, familia ya mifumo endeshi ambayo Solaris ya Sun imo, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, enzi ambazo mtu alizungumza na kompyuta kwa teletaipu: unagonga herufi, inasafiri kwenye waya, na jibu linarudi kuchapwa kwenye karatasi. Jina hilo halijafutika. Ndilo tty unaloliona hadi leo kwenye /dev/tty. Teletaipu ziliondoka, zikaja skrini za maandishi kama VT100 ya kampuni ya DEC mwaka 1978, lakini mazungumzo yaliendelea kupita kwenye waya wa aina ile ile, wa kiwango cha RS-232 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1960. Ultra 5 ya mwaka 1998, pamoja na kadi yake ya picha za rangi, bado imebeba urithi huo. Programu iliyohifadhiwa kwenye chipu yake, OpenBoot, huangalia kwanza kama kuna kibodi. Ikiikosa, haigomi kama PC nyingi za wakati ule. Inahamishia mazungumzo yote kwenye porti ya siriali A, ambayo yenyewe inaiita ttya.

Utauliza, SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao, si ipo? Ipo, ila SSH inataka kerneli, kiini cha mfumo, iwe imeshaamka, kadi ya mtandao iwe na anwani, na huduma yenyewe iwe imewashwa. Konsoli husema kabla ya hayo yote. Kosea mstari mmoja kwenye /etc/vfstab, faili la Solaris linaloorodhesha diski za kupachika, na mashine itasimama katikati ya kuamka ikisubiri nenosiri la root, msimamizi mkuu wa mfumo. Swali hilo linaulizwa kwenye konsoli tu. Ukilipigia SSH, hakuna anayepokea.

Sasa tuje kwenye PC. Laptopu za siku hizi hazina tena plagi ya siriali ya pini 9, kwa hiyo wengi tunatumia adapta ya USB. Zenye chipu ya FTDI, Prolific PL2303 au CH340 ndizo utakazokutana nazo mara nyingi, na zote zinafaa mradi draiva, programu inayoiwezesha PC kuitumia adapta, ipo. Kuwa mwangalifu na jambo moja: kuna adapta ndogo za wapenda vifaa vya elektroniki, zenye waya za rangi badala ya plagi ya pini 9. Hizo hutoa kati ya volti sifuri na 3.3 au 5. RS-232 hutumia volti hasi na chanya, kati ya 3 na 15 kila upande, na maana yake imegeuzwa: hasi ni moja, chanya ni sifuri. Ukiunganisha adapta ya namna hiyo moja kwa moja na Sun hutapata maneno ya kueleweka, na unaweza kuiunguza.

Ukichomeka adapta kwenye Linux, andika dmesg na uangalie mistari ya mwisho. Kwa kawaida itajitambulisha kama /dev/ttyUSB0. Ukikataliwa ruhusa kwenye Debian au Ubuntu, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kisha uingie tena. Kwenye Windows itapewa namba ya COM, na namba hiyo huonekana kwenye orodha ya vifaa vya mfumo. Programu ya kuzungumzia ni hiari yako: PuTTY au Tera Term kwa Windows, minicom au screen kwa Linux. Mimi hutumia screen kwa sababu mara nyingi huikuta ipo tayari:

screen /dev/ttyUSB0 9600

Kabla hujaigusa Sun, fanya jaribio ambalo limeniokolea muda kuliko jingine lolote. Geuza plagi ya pini 9 ya adapta ikutazame, safu ya pini tano ikiwa juu. Hesabu kutoka kushoto: pini ya 2 ni sikio la PC, pini ya 3 ni mdomo wake. Nyoosha klipu ya karatasi, ikunje, uzigusishe pini hizo mbili pamoja. Sasa gonga herufi kwenye kibodi. Kila unachogonga kinatoka mdomoni, kinapita kwenye klipu, kinaingia sikioni na kutokea kwenye kioo. Ondoa klipu, gonga tena: hakuna kitu. Ukiyaona hayo mawili, umeshajua kwamba adapta ni nzima, draiva ni nzima, jina la porti ni sahihi na programu inafanya kazi. Herufi zikitokea hata bila klipu, programu yako inajionyesha yenyewe unachogonga. Zima kipengele hicho kwanza, maana kitakudanganya mbele ya safari.

Hapo ndipo tunafika kwenye kebo, na kebo ndiyo chanzo cha mkanganyiko mkubwa kuliko vyote. RS-232 ilibuniwa ikidhani kwamba upande mmoja kuna terminali au kompyuta na upande wa pili kuna modemu. Kila upande ulipewa mpangilio wake wa pini, ili kebo nyoofu ipeleke mdomo wa huyu kwenye sikio la yule. Lakini PC ni kompyuta na Sun pia ni kompyuta. Ukiziunganisha kwa kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya modemu, mdomo unakutana na mdomo na sikio linakutana na sikio. Zote zinasema, hakuna inayosikia. Dawa yake ni kebo ya krosi, inayopishanisha waya hizo mbili. Dukani huandikwa null modem.

Sasa shika kalamu, maana hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Kwenye plagi ya pini 9 ya PC, pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, na ya 5 ni ya ardhi, waya wa pamoja ambao volti hupimwa kutoka kwake. Kwenye tundu la 25 la Sun, mpangilio umegeuka: ya 2 inatuma, ya 3 inapokea, na ardhi ni ya 7. Kwa hiyo kebo ya krosi kati ya 9 na 25 inakwenda hivi: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 5 kwa 7. Mtu akiipima kwa mita anaona namba zinalingana, anasema hii ni nyoofu, anaitupa. Halafu anachukua kebo ya modemu, ambayo ni 2 kwa 3 na 3 kwa 2, anaona namba zimepishana, anasema hii ndiyo krosi. Amebadilisha iliyo sahihi kwa iliyo mbovu, na ana ushahidi wa mita mkononi! Usitazame namba, tazama kama anayetuma amekutana na anayepokea. Kati ya plagi mbili za pini 9, krosi ni 2 kwa 3 kweli. Kati ya 9 na 25 sivyo.

Waya tatu zinatosha kwa konsoli. Nyingine, zile za kuulizana "uko tayari?" na "niendelee?", Sun haizisubiri kwa mipangilio yake ya kawaida. Ukitaka kuhakikisha, andika printenv ukishafika kwenye OpenBoot, utaona ttya-ignore-cd ikiwa true, na pia mstari huu:

ttya-mode 9600,8,n,1,-

Nitaurudia muda si mrefu, maana ndani yake mna mapatano yote ya upande wa Sun.

Kuna mtego mwingine nyuma ya Ultra 5 ambao ulinigharimu jioni nzima. Ina porti mbili za siriali. Porti A ni lile tundu la vishimo 25. Porti B ni plagi ya pini 9, inayofanana kabisa na ya PC. Ukiwa na kebo ya krosi ya 9 kwa 9 mkononi, macho yataikimbilia B yenyewe, kwa sababu kebo inaingia bila kulazimishwa. Nilifanya hivyo. Kebo ilikuwa nzima, kasi ilikuwa sahihi, jaribio la klipu lilipita, na mashine haikusema neno, kwa sababu konsoli iko A na haihami kwenda B kwa kuwa tu kebo yako inatosha pale. Kinyume chake, tundu la printa nalo lina vishimo 25, kwa hiyo soma alama iliyo kando ya tundu kabla ya kusukuma kebo. Na si Sun zote zenye sura hii: SPARCstation IPX, kwa mfano, hutumia tundu dogo la duara la pini 8, na huwezi kukwepa kutafuta kebo yake maalumu.

Kebo ikishakuwa sawa, kinachobaki ni lugha ya kasi. Rudi kwenye ule mstari wa ttya-mode. 9600 ni idadi ya biti kwa sekunde. 8 ni biti zinazobeba herufi moja. N inasema hakuna biti ya pariti ya kukagua makosa. 1 ni biti moja ya kufungia herufi. Na kistari cha mwisho kinasema pande hizi haziambiani "subiri" kwa waya wala kwa herufi maalumu.

Tuitazame herufi moja ikipita. Waya ukiwa umetulia, uko kwenye volti hasi. Sun ikitaka kutuma herufi o, kwanza inaupeleka waya kwenye chanya kwa muda wa biti moja, yaani sekunde moja ukiigawa mara 9600. Huko ndiko kubisha hodi. Kisha zinafuata biti nane za herufi, ndogo ikitangulia: 1, 1, 1, 1, 0, 1, 1, 0. Mwisho waya unarudi hasi kwa muda wa biti moja, herufi imefungwa. Jumla ni biti kumi, kwa hiyo 9600 kwa sekunde ni herufi 960. Kioo cha maandishi cha safu 80 kwa mistari 24 kina nafasi 1920, na kujaza kioo kizima kunachukua sekunde mbili kamili. Ukiona maandishi yanateremka taratibu kama mtu anayesoma kwa sauti, mashine haina tatizo. Huo ndio mwendo wa waya.

Hakuna saa ya pamoja kati ya mashine hizi mbili. Kila moja inahesabu muda wake, na hodi ile ya mwanzo ndiyo inayowalinganisha. PC ikiwekwa 115200 huku Sun ikituma kwa 9600, PC itachungulia waya mara nyingi mno ndani ya biti moja, na utapata takataka: alama za ajabu na viboksi. Wengi hukata tamaa hapo, na mimi nawaambia hizo ni habari njema. Takataka inamaanisha kebo imefika, ardhi ipo, mdomo wa Sun umekutana na sikio lako. Kimebaki kurekebisha kasi tu. Kimya ndicho kinachokurudisha kwenye kebo.

Dalili ya tatu ni kusoma bila kuweza kujibu: maneno ya Sun yanakuja vizuri, lakini unachogonga hakiendi. Mara nyingi huo ni udhibiti wa mtiririko, yaani kule kuambiana "subiri". Minicom huwa inasubiri ruhusa kupitia waya ambazo kebo yako ya waya tatu haina, na itasubiri milele. Ingia kwenye mipangilio yake na uzime udhibiti wa maunzi. PuTTY, kwa upande wake, huanza na ule wa herufi, yaani XON/XOFF. Ukigusa Ctrl-S bila kukusudia, kioo kinaganda kana kwamba mashine imezimika, Ctrl-Q inakifungua. Nimemwona mtu akichomoa umeme wa seva kwa sababu ya Ctrl-S.

Yote yakipatana, washa Sun na usubiri. Inajipima kwanza, na kadiri kumbukumbu ilivyo kubwa ndivyo inavyochukua muda. Kisha:

Sun Ultra 5/10 UPA/PCI (UltraSPARC-IIi 333MHz), No Keyboard

Yale maneno mawili ya mwisho ndiyo mashine ikikuambia kwa nini imekuja kwako. Chini yake kuna toleo la OpenBoot, kumbukumbu, na anwani ya Ethernet inayoanza na 8:0:20, namba za Sun yenyewe. Anwani ikisomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff na ukaambiwa yaliyomo kwenye IDPROM, sehemu inayotunza utambulisho wa mashine, si halali, betri imekwisha. Betri hiyo imefungiwa ndani ya chipu ya saa na kumbukumbu ya mipangilio, na kwa mashine za umri huu ni jambo la kutarajiwa. Mashine itaendelea kuwaka, lakini haitakumbuka ulichoiambia jana.

Mashine isipopata mfumo wa kuamsha, au ukiikatiza, utapewa neno moja dogo: ok. Hapo unaongea na OpenBoot yenyewe, ambayo ndani yake ni lugha ya programu iitwayo Forth. Unaweza kuandika probe-ide kuona diski, boot cdrom kusakinisha upya, boot -s kuingia kwa matengenezo. Na kama unataka mashine itumie siriali hata siku mtu akiichomekea kibodi, iambie wazi:

setenv input-device ttya
setenv output-device ttya
reset-all

Kutoka ndani ya Solaris kazi hiyo hiyo hufanywa na amri ya eeprom.

Kukatiza nako kunahitaji maelezo. Kwenye kibodi ya Sun ungebonyeza Stop na A. Kwenye siriali hakuna kitufe hicho, kwa hiyo hutumwa Break, ambayo si herufi. Ni kuushikilia waya kwenye volti chanya kwa muda mrefu kuliko herufi yoyote inavyoweza kuchukua, mpaka upande wa pili uelewe kwamba huku si kuandika. Kwenye screen ni Ctrl-A kisha b, kwenye minicom ni Ctrl-A kisha F, kwenye Tera Term ni Alt-B, na PuTTY inayo kwenye menyu ya amri maalumu. Sun ikiipokea husimamisha kila kitu papo hapo na kukupa ok. Ukiandika go, kazi inaendelea pale ilipoachia.

Hatari yake ni kwamba baadhi ya vifaa vikizimwa, au kebo ikichomolewa, waya unayumba kwa namna inayofanana na Break. Seva iliyokuwa ikihudumia watu inaganda kwa sababu mtu amezima laptopu yake na kwenda nyumbani. Kama Sun yako ina kazi ya kweli, fungua /etc/default/kbd na uweke KEYBOARD_ABORT=alternate. Kuanzia hapo, mfumo ukiwa umeshaamka, haitajali Break ya kawaida. Itasubiri Enter, kisha alama ya ~, kisha Ctrl-B, mfuatano ambao hakuna kebo inayoweza kuutamka kwa bahati mbaya.

Kisakinishi cha Solaris kitakuuliza unatumia terminali ya aina gani. Chagua VT100. Programu nyingi za PC zinaiga lugha ya VT100, na ukikosea hapo menyu zitachorwa juu ya nyingine. Ukishaingia, vi, programu ya kuhariri maandishi, ikikataa kukaa sawa, andika TERM=vt100, kisha export TERM.

Aliyeshika kebo hii ameshika mashine yote. Mwenye ok anaweza kuamsha mfumo wake mwenyewe kutoka kwenye CD na kubadili nenosiri la root bila kuulizwa. Chumba kifungwe.

Mashine za kampuni nyingine hufuata njia hiyo hiyo kwa maneno tofauti. SGI huambiwa setenv console d; Alpha ya DEC huambiwa set console serial; Linux huongezewa console=ttyS0,9600 kwenye mstari wa kuamsha kerneli. Fundi wa mitandao aliyezoea kebo bapa ya bluu ya Cisco atakuta namba zile zile, 9600 na 8 bila pariti, na hatakuwa mgeni.

Ukimaliza, usifunge dirisha hivi hivi. Washa kumbukumbu ya mazungumzo: PuTTY ina sehemu yake kwenye mipangilio, na screen ukiianzisha kwa -L huandika kila kinachopita kwenye faili la screenlog.0. Kerneli ikianguka saa nane usiku, inaweza isiwahi kuandika sababu kwenye diski, lakini konsoli huandikiwa hadi pumzi ya mwisho. Asubuhi fungua faili hilo, anza na mstari wa mwisho, usome ukipanda juu.